Kikohozi cha Mtani

Jumatano, 1 Agosti 1973. Usoke
Nimeshinda nachambua tumbaku ya kijiji. Majani ya rangi ya asali huku, yenye madoa kule. Mikono inanata. Mume wangu, Baba Joji, alikuwa akipoza uji wangu kabla ya wake. Nimewaza hilo tu, siku nzima. Jumamosi ni arobaini yake.

Ijumaa, 3 Agosti
Majirani wanasema kauawa na moshi wa bani la kukaushia majani. Wengine wanasema karogwa. Daktari wa Tabora alinieleza vingine. Saratani ya mapafu. Sigara za miaka mingi huharibu chembe za njia ya hewa, polepole, bila maumivu, mpaka zinaota bila kukoma. Haiambukizi. Na sisi tulitibu kifua kikuu, bure. Ziko aina kadhaa. Yake ilikuwa ya chembe ndogo, inayokimbia kuliko zote. Ilipoonekana, ilikuwa imeshafika mifupani. Nalichukia neno hilo, ndogo.

Jumamosi, 4 Agosti
Mtani wetu Ndahani, Mgogo wa reli, kaja kumwigiza marehemu, kama ilivyo desturi. Kavaa koti la Baba Joji, kakalia kiti chake, kawasha sigara. "Wanyamwezi hamna akili! Mmemzika bila kiberiti, huko ataazima kwa nani?" Kisha akakohoa. Kikohozi cha Baba Joji, kile kile. Watu wakacheka mpaka machozi. Mimi nilifumba macho. Nilitaka asiache.
Hakuacha. Tukazidi kucheka. Nilipofumbua macho alikuwa anafuta damu kwa mkono wa koti.

Jumatatu, 6 Agosti
Hataki hospitali. "Shemeji, ule ulikuwa utani tu." Nikamwambia: haya, rudia, ila usiteme damu. Kamwambia mkewe afungashe. Kesho tunapanda treni ya Tabora, yeye, mkewe na mimi.

Alhamisi, 30 Agosti
Majibu ya kinyama walichomtoa kifuani yamerudi. Saratani. Lakini si ya chembe ndogo. Ni aina nyingine, inayokwenda taratibu, bado iko pafu moja. Dar watajaribu kuikata. Hakuna aliyeahidi kupona. Nimelia mbele ya daktari, nikaona aibu.

Jumapili, 2 Septemba
Wameondoka kwenda Dar, yeye na mkewe. Dirishani mwa treni kaniita mchawi wa Kinyamwezi. Nimemshukuru Mungu. Nimemwonea mkewe wivu pia.
Nyumba kimya. Mchana nimelala upande wa Baba Joji.