Bomba la Bibi na Maji ya Mchaichai

Isongole, 4 Desemba 2024

Dada Ikupa,

Nimefukua bomba la Bibi. Sijamwambia mtu mwingine, ndiyo maana hata salamu zimechelewa. Shikamoo dada. Huku sote wazima, ila Bibi baridi inamsumbua kifua. Uso wako unaendeleaje?

Ni lile bomba la shaba na debe lake, alilopikia gongo kabla hajaokoka, akalizika nyuma ya zizi la nguruwe mbele ya kanisa zima. Bibi akienda maombi ya Jumatano, mimi nalisugua kwa majivu, natia mchaichai na maji debeni, nawasha moto. Mvuke unapoa ndani ya bomba, unadondoka maji yenye harufu. Tulifundishwa hivi maabara shuleni, mimi sikuwahi hata kunyoosha mkono kujibu.

Nakutumia chupa moja, nimeichemsha kwanza. Usianze na uso. Jaribu ndani ya mkono, usubiri siku nzima. Na mkorogo uache, nakuomba, ndio uliokuunguza uso kwa kutafuta weupe.

La bomba libaki kwako.

Mdogo wako,
Gwantwa

Tunduma, 17 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mkorogo nimetupa. Uso daktari amenipa dawa, kasema nisipake kingine mpaka ngozi ifunge. Maji yako hayakuniwasha, najipangusa nayo shingo na mikono nikitoka kibandani. Yunisi wa kibanda cha jirani ananinusa: "Ikupa, siku hizi unalala bustanini?" Na yeye anataka chupa.

Lakini Gwantwa, moshi nyuma ya zizi watu hawauoni? Lirudishe shimoni. Tafuta sufuria.

Dada yako,
Ikupa

Isongole, 6 Januari 2025

Dada,

Shikamoo. Bibi mzima, mimi sijui.

Sikulirudisha. Nilitaka chupa ya Yunisi iwe ya mwisho. Mwinjilisti Eliakim akafuata moshi, akakuta bomba bado la moto na Bibi ndiyo kwanza anaingia uani. Mimi hakunitazama. Akamuuliza Bibi, "Mama, umerudia?"

Bibi alinitazama, kisha akasema, "Bomba ni langu."

Amezuiwa meza ya Bwana mpaka wazee wakae Jumapili. Nyumbani hanigombezi. Anasonga ugali, ananipakulia kama kila siku. Mimi naingia, natoka, nafagia uwanja niliokwisha kuufagia.

Nikisimama kanisani sauti itatoka wapi? Niambie la kufanya. Barua hii ichome.

Mdogo wako,
Gwantwa

Isongole, 13 Januari 2025

Dada Ikupa,

Shikamoo. Jibu lako halijafika, na Jumapili haikusubiri.

Nilisimama. Nikasema bomba nililifukua mimi, Bibi hakujua. Mama mmoja nyuma akasema, "Sema kwa nguvu, binti." Nikarudia yote. Mzee Rabson akafungua chupa iliyokutwa kwenye bomba, akanusa, akaweka tone ulimini. "Hii siyo pombe," akasema, "haya ni majani." Watu wakacheka, na Bibi akacheka. Akarudishwa mezani siku hiyohiyo.

Kwa hiyo barua zangu usichome. Msomee Yunisi, msomee yeyote.

Ila moja. Leo asubuhi Bibi amelibeba debe mwenyewe mpaka jikoni. "Moto wako mkali," akasema, "unaunguza majani. Na bomba linavishwa kitambaa kilicholowa." Akavuta kigoda, akapunguza kuni, akaanza kuhesabu matone kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu aliyekuwa akihesabu jana tu.

Hilo, dada, usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Gwantwa