Mwamini, Mahali Pako Darasani Pana Mtu

Mwamini, ndugu yangu,

Sitaki uyasikie kwa mwingine: mahali pako kwenye benchi pana mtu. Usinikasirikie kabla sijamaliza.

Ulikufa masomo yakiwa yamefungwa. Yalipofunguliwa niliingia mwaka wa tatu peke yangu, nikaweka mfuko wangu pale ulipokuwa unakaa. Msichana yeyote akisogea, nilitazama ukuta mpaka aende zake. Unanijua. Miaka yote wewe ulisema, mimi nikashika mifuko. Hata Prof akiniuliza, ulijibu wewe: "Anajua, Prof, anaona haya tu." Nilijiona mrefu mno, miguu kama ya ndege wa ziwani, sauti ya mtoto. Nani angenitaka bila wewe?

Saa ya rekre, wengine wakicheza, nilijificha nyuma ya biro ya prefe, mkuu wetu wa shule, penye tangi la maji. Nilikula andazi langu, nikasubiri kengele. Wiki nyingi, Mwamini. Nakwambia wewe tu.

Siku moja nikakuta pana mtu. Msichana mgeni, Zawadi, wa kutoka Bendera. Baba yake alikuwa anafanya kazi kule kwenye mitambo ya umeme kabla hawajahamia hapa. Tangu afike, umeme ukikatika darasa zima lilimgeukia: "Zawadi, lete moto!" Walikuwa wanatania, lakini yeye ilibaki kidogo alie. Sasa alikuwa amechuchumaa mahali pangu, andazi mkononi.

"Hapa njo pangu," nikamwambia. Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia mwenzetu yeyote tangu ufe. Aibu gani!

"Nisogee kidogo?" akauliza. Akasogea kweli.

Siku tatu tulikula bila neno. Ya nne akauliza: "Hawa batu batanizoea siku gani?"

"Kwani habakulake batu," nikajibu. "Twende."

Mwamini, hayo ya kwamba hawali watu yalikuwa maneno yako, uliyoniambia siku tulipoanza sekondari. Yalitoka kinywani mwangu, na mimi nilikuwa naogopa kuliko yeye. Lakini nilikuwa nimeshasema. Ningerudi vipi?

Uwanjani wasichana walikuwa wanacheza nzango, wanaruka, wanapiga makofi, wanatupiana miguu. Nikaingia kwenye mstari. Nikarusha mguu, nikakosa, nikaanguka chali mbele ya wote. Halafu nikacheka, sijui hata kwa nini. Wakacheka wote, Zawadi zaidi ya wote. Faida, yule tuliyekuwa tunamwogopa, akanivuta mkono: "Simama, murefu! Na miguu hiyo, utakuwa upande wetu."

Kesho yake niliondoa mfuko kwenye benchi. Zawadi akakaa. Saa nzima ya hesabu niliushika magotini, najiona nimekuibia. Kisha akaniuliza alipokosea, nikamwonyesha, na Prof akatukemea kwa kuongea. Mimi! Kwa kuongea!

Sijakusahau. Jina lako tunalitaja mpaka Zawadi anakusimulia kama alisoma na wewe, hata ile siku ulipovaa viatu vya kaka yako. Nikilia ananingoja nimalize, haniambii ninyamaze.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwa Mama yako: mimi, Zawadi, Faida na mdogo wake. Tulimtekea maji, tukamtwangia majani ya muhogo kwa sombe yake. Amekonda, lakini anakula. Akatusikiliza tukitaniana, akauliza: "Kati yenu, mwenye kelele ni nani?"

Wote wakaninyooshea kidole.

Mama yako akanigeukia. Kisha akacheka, Mwamini, akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. "Huyu? Huyu aliyekuwa ananisalimia kwa kichwa tu?"

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi nitapita kwa Mama kila Jumamosi, na salamu nitaanza kuzipiga nikiwa bado njiani, ili anisikie nakuja.

Wako,
Anjela