Ponsiano Matimbwa, Aliyeliua Bwawa Lake

Masika yamerudi, Ponsiano, na mwaka umetimia tangu pezi la samaki likutoe duniani. Tunaanza na pezi kwa sababu maneno yamekuwa mengi. Ifakara sokoni wanasema uliliwa na mamba. Mang'ula wanasema ni kiboko. Sanje, ambako watu hawana haya, wanasema mamba alianzia miguuni na kiboko akaanzia kichwani, wakakutana kiunoni wakagombana. Sisi tuliokuosha na kukuvisha ile suti yako ya harusi tunajua ulikwenda ukiwa mzima, isipokuwa mkono wa kulia.

Ulikuwa mpole kwa watu na mkatili kwa samaki. Rungu lako la mpingo halikurudia pigo. Lakini kila samaki, awe kambale wa kutisha au ngogo wa kukaanga, ulimwomba radhi kwanza. "Samahani, bwana," ulisema, kisha paa, ubongo ukaruka. Mkeo Apolonia alikucheka miaka yote ya ndoa. Alisema siku utakapofika mbinguni utakuta foleni ya samaki wenye vichwa vilivyopasuka, na wote watakuamkia shikamoo.

Samaki mkubwa kama kitoga hakuliwa kwako tu. Mkia kwa jirani, mnofu kwa watoto, kichwa kwa Bibi Luciana, ambaye hana jino hata moja lakini alikinyonya mpaka kikabaki kama chujio. Tangu uondoke amekonda, na lawama anatupa sisi.

Tunakumbuka vita yako na jirani yako Mayunga, Msukuma mfugaji aliyehamia kutoka Ziwa. Ng'ombe wake walipokanyaga tuta la bwawa lako, hukwenda ofisi ya kijiji. Ulikwenda na rungu, naye akaja na fimbo, mkapigana kuanzia bwawani hadi barabarani. Yeye alikung'oa meno mawili ya mbele, wewe ukamvunja mtulinga. Kaka yako Martin, aliyekuwa bado kazini reli, anaapa kwamba treni ilisimama Mang'ula ili abiria wasikilize. Mlipelekwa zahanati kwa mkokoteni mmoja, wa Mayunga mwenyewe, ukivutwa na ng'ombe wale wale mliokuwa mnawagombania, na njia nzima kila mmoja alilalamika kwamba mwenzake anammwagia damu. Toka siku hiyo salamu zenu zikawa hivi:

"Mwangaluka, kibogoyo."

"Salama, bega moja. Mkeo Nyamizi mzima?"

Wageni walidhani ni uadui. Sisi tuliona mnaazimana plau.

Bwawa lile ulilichimba kwa jembe la mkono, nyuma ya nyumba, pembeni mwa dimbwi refu ambalo mkono wa mto huliacha kila kiangazi. Ulisema perege wako ni wa ukoo, umewatoa dimbwini humo humo, na babu alivua mababu zao. Bwawa ndilo lililosomesha watoto na kuezeka bati. Apolonia alipoamka alijua jiko lake lina nini kabla hajafungua mlango.

Kisha Nelly akaja likizo. Bintiyo huyu anafanya kazi maabara, huko Morogoro, kazi ya kusoma vinasaba vya samaki. Alikuja na mkasi na vichupa vya spiriti, akawa anakata ncha ya pezi la kila samaki aliyemshika, mtoni, dimbwini na bwawani kwako, kisha anamrudisha majini akiwa hai. Ulimtazama kwa huruma.

"Mwanangu, nimekusomesha miaka yote hiyo uje kunyoa samaki?"

"Baba, damu ina ukoo. Kila kizazi kinabadilika kidogo sana, na mabadiliko yanarithiwa. Nikiwalinganisha perege wa hapa na ndugu zao wa mito mingine, najua nani aliachana na nani, na ni zamani kiasi gani. Hawa wetu walibaki peke yao kabla hajazaliwa mtu wa kuwavua."

"Kama wazee wanavyoulizana koo kabla ya mahari," Apolonia alisema.

"Hivyo hivyo, mama. Ila samaki hajui kudanganya."

Alipokuja na majibu, mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya Udzungwa na redio ilikuwa inatangaza mafuriko. Mlikuwa mnakula.

"Baba, wa mtoni ni perege. Wa dimbwini ni perege. Wa bwawani kwako ni machotara. Wana damu ya sato."

"Sato ni wa Ziwa. Kamuulize Mayunga, yeye ndiye katoka huko. Mimi wangu nimewatoa dimbwini kwa mkono huu."

"Wote?"

Aliyejibu ni Apolonia, na mpaka leo anatamani angejing'ata ulimi. "Baba Nelly, ule ukame, bwawa lilipokauka. Yule kijana wa baiskeli, barabara ya Sanje. Ule mfuko wa vifaranga."

Kijana aliyekuapia kwa jina la mama yake kwamba ni perege. Sahani yako ya wali ikaruka ikapasukia ukutani. Alama ya mchuzi ipo hadi leo, na Apolonia amekataza isipakwe chokaa.

Nelly aliongea taratibu, kama mtu anayemwongelesha ng'ombe mwenye hasira. Maji yakipanda juu ya tuta, samaki wako wataingia dimbwini, na kutoka dimbwini wataingia mtoni. Watazaa na perege, na watoto wao watazaa na perege, mpaka siku moja perege wa bonde hili awe hayupo, na safari yake yote ya huko nyuma isiweze kusomwa na yeyote.

"Wakishavuka, mnaweza kuwatoa?"

"Hapana, baba. Wakishavuka wamevuka."

Mlipobaki wawili Apolonia alikuambia unataka kuua jiko lake. Ulimjibu, "Naua samaki, Mama Nelly. Jiko tutalijaza tena." Alikugeuzia mgongo, na mvua ikaanza kupiga bati.

Alfajiri ulikuwa majini na wavu wa kokoro, rungu kiunoni. Apolonia alisimama juu ya tuta na kanga imemgandia mwilini, akakuona ukivuta kundi la kwanza hadi kwenye matope. "Samahani, bwana. Samahani, bwana." Baada ya muda ukafupisha: "Samahani." Baadaye hukusema kitu, rungu peke yake ndilo lililosema. Magamba yalikuganda ndevuni. Macho ya samaki yalikwama kwenye mashina ya migomba. Maji yakawa mekundu, kisha mazito, na korongo wakashuka kutoka kila upande wakawa wanapigania matumbo miguuni pako. Kijiji kizima cha Michenga kilikuja na ndoo. Walikula samaki mpaka mbwa wakaanza kukataa.

Damu ile ilifika mtoni kabla ya maji. Mamba aliyekuja kuifuata alikuwa na urefu wa mlango wa nyumba. Martin anasema wa kanisa. Alipita juu ya tuta kama mwenye bwawa, akaling'ata kokoro na kukuvuta nalo. Ulimpiga katikati ya macho. Akalegea kidogo, akaona haya, akarudi kwa hasira zaidi. Hapo ndipo Mayunga alipotokea na fimbo yake.

"Kibogoyo, unafanya nini?"

"Naua."

"Wote?"

"Wote. Shika kokoro upande huo."

Mtu yule tangu ahamie bondeni hakuwahi kuingia maji yanayopita goti. Siku ile aliingia mpaka kifuani na viatu vyake vya tairi. Alimcharaza mamba mgongoni kama anayemfukuza ng'ombe kwenye mahindi, "Toka, toka huko, mshenzi wewe," nawe unapiga kichwani, mpaka taya la chini likaning'inia na mnyama akajiburuta kwenye mpunga huku akiacha meno. Jino moja Mayunga amelivaa shingoni. Anasema hilo ni fidia ya jino lako moja, la pili bado unamdai.

Wakubwa walikwisha, lakini vifaranga hupita kwenye matundu ya kokoro. Ulitazama bwawa, ukatazama tuta linavyomeguka, na kwa mara ya kwanza siku ile ukamkabidhi Mayunga rungu. Ndipo ulipousikia mchi. Apolonia alikuwa amevuna utupa wote wa nyuma ya choo, yale majani ambayo wazee walilevyea samaki kabla serikali haijakataza, na alikuwa anayatwanga kwenye kinu chake cha mpunga. Alitwanga huku analia kwa hasira, akakutukana wewe, akamtukana kijana wa baiskeli, akaitukana mvua. Kisha akabeba beseni kichwani, akamimina sumu kwenye jiko lake mwenyewe. Vifaranga walielea kama pumba.

Akabaki mmoja. Dume, baba lao, aliyeruka kokoro kutwa nzima. Utupa ulimkera tu. Maji yalipoanza kulamba ukingo wa tuta alienda moja kwa moja pale palipomeguka, dimbwi likiwa hatua chache mbele yake. Ulijirusha tumbo chini ukamshika kwa mikono miwili. Akasimamisha pezi la mgongoni. Miiba ikaingia kiganjani, chini ya kidole gumba, mmoja ukatokea upande wa pili. Hukumwachia. Rungu lilikuwa kwa Mayunga, kwa hiyo ulimwuma kichwa mpaka fuvu likalia.

"Ningekuachia yale meno mawili," Mayunga alisema, "ungemmaliza mapema."

Mlicheka mkiwa mmelala kwenye matope, wazee wazima. Jioni maji yalipita juu ya tuta, bwawa na dimbwi vikawa kitu kimoja.

Mkono ulivimba kesho yake. Apolonia alisema twende hospitali, ukamjibu mtu aliyempiga mamba haendi hospitali kwa mwiba. Ukawa mwekundu, ukawa mweusi, ukaanza kunuka, nawe ukaanza kuwaomba radhi samaki ambao hawapo. Barabara ilikuwa imezama. Mayunga alileta mkokoteni, ule ule, akaongoza ng'ombe ndani ya maji hadi Ifakara, na Apolonia amekipakata kichwa chako.

"Bega moja. Hatukuacha hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona, kibogoyo. Lala."

Ulilala. Madaktari walijitahidi, lakini sumu ya mkono ilikuwa imeshaingia kwenye damu.

Baada ya kukuzika, Mayunga alimfuata Apolonia jikoni akavua kofia. Alisema hakuona. Maji yalikuwa ya tope, nani angeona. Alisema alikujibu vile kwa sababu ulikuwa unakufa.

Hicho ndicho mkeo alichobaki nacho mwaka mzima, Ponsiano. Hakugusa samaki. Hakwenda upande wa dimbwi, hata kuni aliokota mbali. Watu walimpa pole kwa ajili ya mume, naye alikuwa anawaza jambo moja tu: kama alipita mmoja, umekufa bure, na jiko lake limekufa bure. Alikasirika nawe. Tunakuambia kwa sababu hukupenda kufichwa.

Masika haya Nelly amekuja tena na mkasi wake. Amekata mapezi dimbwini kote, na mtoni juu na chini. Akaondoka, mama yake akawa halali. Amerudi juzi, akamkuta Apolonia anapepeta mchele, na hakusubiri kukaribishwa kiti.

"Mama, wote ni perege. Sijaona damu ya sato hata kwa mmoja."

"Rudia."

"Wote ni perege, mama. Siwezi kusema kwa kila samaki wa mto, ila wote niliowashika ni wale wale wa zamani."

Apolonia aliweka ungo chini. Alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama ukingoni mwa dimbwi, akakutukana kwa Kipogoro kwa muda mrefu, matusi yale ya mapenzi ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Aliporudi aliagiza perege wa kuchoma, akala mpaka miiba.

Jana akapita mtu wa bodaboda na mifuko ya vifaranga, anatangaza sato wanaokua haraka. Apolonia alimsikiliza hadi mwisho. Akamuuliza kama anajua wanakwenda wapi maji yakipanda. Yule mtu akacheka, akasema, "Mama, samaki ni samaki." Mkeo akaingia ndani, akatoka na rungu lako la mpingo.

"Samahani, bwana," alisema.

Mifuko ilipasuka barabarani juani, na mtulinga wa mtu yule ulilia kama kuni kavu. Mayunga ndiye aliyempeleka zahanati kwa mkokoteni. Anasema njia nzima alimfundisha namna ya kulala ili bega lisiume.

Misa yako ni Jumapili, kigangoni Michenga, na wote mnakaribishwa nyumbani baada ya hapo. Samaki watakuwepo.

Unakumbukwa na mkeo Apolonia. Watoto wako Nelly, Jenifer na Nickolaus pamoja na wajukuu. Kaka yako Martin. Bibi Luciana, anayeulizia vichwa. Na Mayunga na mkewe Nyamizi. Nelly anasema vinasaba vinakataa hao wawili kuwa ndugu zako, lakini Mayunga ametuambia jina lake likikosekana hapa atavunja mtu.

Pumzika, Ponsiano. Rungu liko nyuma ya mlango, upande wa kitanda cha Apolonia. Kila maji yatakapopanda bondeni, tutakutaja.