Kidole Gumba cha Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Sisi huku hatujambo. Kifua cha mama kimetulia, na jana alikula vizuri, kisha akanituma nikuulize kama bado umenuna. Basi nakuuliza: bado umenuna?

Barua yako niliipata. Unanitaka Jumamosi nisimame mbele ya chama cha mafundi niseme kwamba Mpishi, mchanganyaji wetu wa zege, ndiye aliyeharibu kazi ya hospitali kwa kuzidisha sukari, ili afutwe kwenye daftari la chama na asishike tena koleo popote. Unanikumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji. Damu hiyo, kaka, huwa unaikumbuka ukikwama tu.

Tuanze na sukari, maana ndiyo tuliyogombania mwanzo. Nilikuambia ipo dawa ya kiwandani ya kuchelewesha zege lisigande juu, na kwenye kopo imeandikwa italainisha zege kwa kina cha milimita ngapi. Ukanijibu kwamba dawa ya kopo ni ya wasiojua kazi. Baba alinyunyiza maji ya sukari, na baba hakusoma. Ukawageukia wenzetu, ukawauliza kama kuna aliyewahi kumwona Profesa, jina ulilonibandika wewe, akijenga hata choo kwa kufungua kitabu. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mpishi akatania kwamba kwa sukari hii zege letu litakufa kwa kisukari, na wewe, ambaye daktari alishakuambia unacho, ukasema kisukari ni ugonjwa wa mabosi wenye vitambi.

Mimi nasema, na nitalisema mbele ya chama chote: ufundi unaokaa ndani ya kidole cha mtu mmoja si ufundi, ni uganga. Ajuaye kazi huweza kuieleza. Miaka ishirini nimekuomba unieleze, na miaka ishirini umeniambia mikono ya kike ni ya kupokea simu za wateja.

Unakumbuka tulichotakiwa kufanya. Kipande cha njia, hatua sita, kwenye ua ambako wagonjwa hufundishwa kutembea upya. Kokoto zilitakiwa zionekane juu ili fimbo na miguu isiteleze. Kikimpendeza msanifu wa majengo, ua wote ni wetu. Mpishi alichanganya, tukamwaga, tukasawazisha, tukanyunyizia maji ya sukari aliyoyakoroga yeye, tukafunika kwa nailoni. Tumbo la zege huwa gumu, ngozi yake hubaki laini, na kesho yake unaisugua ngozi kwa maji na brashi mpaka kokoto zitokeze. Ukiosha mapema, kokoto huondoka na maji. Ukichelewa, ngozi nayo hushika na hutoi kitu. Saa ya kuosha aliijua mtu mmoja tu, ndiyo maana wote wanakuita Dole: unakwaruza kwa ukucha, unasukuma kokoto kwa kidole gumba, ikitikisika unangoja.

Asubuhi ile ulipiga magoti mbele ya msanifu na mkuu wa wauguzi, ukafumba macho kama kawaida yako ya kujionyesha, ukasukuma, ukatangaza kwamba limeshika, waoshe. Mpishi alisema, kwa adabu zote, kwamba machoni pake bado. Ukamwambia mpishi hukaa jikoni. Maji yakafunguliwa, na kokoto ziking'oka kama meno mabovu zikajaa mtaroni. Msanifu akauliza, bila hata kupandisha sauti, kama huo ndio urembo aliosifiwa. Nawe ukainuka ukamzaba Mpishi kibao, mtu mwenye wajukuu, ukapiga kelele kwamba amemwaga sukari kama anapikia kikosi kizima chai.

Kaka, sukari haikuzidi. Kidole chako kimekufa ganzi.

Na mimi nilijua. Wiki mbili kabla ya hapo ulishika kwa kidole hichohicho mfuniko wa sufuria ya chai iliyokuwa inachemka, ukaendelea kuushikilia huku ukinisimanga, mpaka nikasikia harufu ya ngozi. Ulilitazama lengelenge kana kwamba limemtoka jirani. Nilishasoma kuhusu kisukari, nikaelewa papo hapo. Dada mwema angekuambia. Mimi nilinyamaza, na laiti ningenyamaza tu! Ni mimi niliyewaalika wale wakubwa waje saa ile. Ni mimi niliyewaambia kwamba hapa hatuhitaji vipimo, dole la kaka linatosha. Uliposukuma, niliiona kokoto ikitikisika. Wewe ulikuwa umefumba macho. Mimi nilikuwa nimeyatoa. Kisha nikampa mwenzetu mpira wa maji kwa mkono wangu.

Nilitaka uanguke mbele za watu, kama ulivyoniangusha mimi mbele za watu kila wiki. Ulipoanguka nilifurahi. Nisikudanganye kwamba niliona haya. Haya ilikuja baadaye, na haikukaa. Wiki iliyofuata nilirudi na makopo yangu, nikafanya kipande kingine, msanifu akakikubali. Ua wote ni wangu. Tunamwaga Jumatatu.

Lakini Mpishi amezunguka kila penye ujenzi kwa wiki tatu, na kila mahali mdomo wako umemtangulia. Mimi niliyejua nilimwacha azunguke, maana ukweli wake ungefichua hila yangu. Hilo ni langu, sikutwishi.

Jumamosi nitakuja. Nitasema ni kidole, na nitasema nilijua. Wakitaka kufuta majina, wafute yetu sote wawili. Nawe nenda hospitali wakakutazame, na uvue viatu. Ganzi hiyo, nimesoma, mara nyingi huanzia miguuni, na wewe unashinda ndani ya buti na saruji. Kucheka ni ruhusa, Profesa amesoma tena.

Nisalimie wifi, mwambie nguo za watoto nimezipata. Mama anakuombea, yeye sijamwambia lolote, utachagua mwenyewe kama utamwambia.

Barua hii anakuletea Mpishi. Sikuifunga bahasha, nilimpa aisome kwanza. Aliisoma amesimama, sehemu yangu akairudia mara mbili, na hakuniambia kama amenisamehe. Aliomba tu niongeze mstari mmoja, nami nauandika alivyoutamka: sukari vikombe viwili kwa ndoo, kama siku zote.

Yuko hapo mlangoni kwako. Anangoja jibu lake.

Ni mimi mdogo wako,
Profesa