Nimetafsiri Siri Yangu Mwenyewe

Shoga, uko wapi? Bado nina hasira.

Leo ilikuwa zamu yangu kumtafsiria mchungaji mahubiri. Anahubiri habari za imani, mimi niko kando yake na maiki yangu, kila akisema sentensi ya Kiswahili naitafsiri kwa lugha yetu.

Mara akasema, "Kuna dada humu ndani, mimba zake mbili zimeharibika kwa sababu hana imani."

Ni mimi huyo. Wewe, mume wangu na yeye tu ndio mnajua. Nilimwambia ofisini kwake, mlango umefungwa, tukaomba pamoja. Leo eti sina imani.

Akanigeukia, anasubiri nitafsiri. Mama mkwe yuko benchi la pili, ananitazama.

Nikasema kwa lugha yetu, ambayo yeye hajui hata salamu yake: "Dada huyo ni mimi. Nilimwambia kwa siri, na sasa ananianika mbele yenu."

Mchungaji hana habari, anasema, "Semeni amina." Hakuna aliyejibu. Akarudia, "Semeni amina."

Nikaweka maiki juu ya Biblia yake, nikashuka. Mama mkwe akainuka, tukatoka pamoja.

Getini akanishika mkono. "Mwanangu, mbili? Na mimi kila tukionana nakuuliza mjukuu wangu yuko wapi." Akalia.

Nilitaka kumwambia mwenyewe, shoga. Nyumbani, tukiwa wawili, siku ambayo ningekuwa tayari. Huyu mtu kaninyang'anya hata hilo.