Ko Yong-su wa Ikuno, Mwaka Mmoja Bila Kelele Zako

Mwaka umetimia tangu ututoke, Yong-su, na mpumbavu wa siku ya msiba wako ni yule yule: kaka yako Chong-il. Amekubali mwenyewe tuandike.

Hata leo hatuamini. Ulianguka hapa mtaani Ikuno, mbele ya ofisi ya dalali wa nyumba Mjapani, pale palipobandikwa "Wakorea hatuwapangishi," kipaza sauti cha maandamano kikiwa mkononi. Vijana wenzako walicheka, wakidhani unaigiza. Wewe na mizaha yako! Miaka thelathini na mmoja, hujawahi hata kulazwa.

Ulikuwa mkarimu mpaka ukatuudhi. Chumba cha juu ya karakana yetu ya soli za viatu ulikigeuza darasa, watoto wa mtaa wakajifunza kuitikia shuleni kwa majina waliyopewa na bibi zao, si yale ya Kijapani ya kujifichia. Chong-il alikuwa akikuambia, "Mdogo wangu, jina halijazi tumbo." Nawe ukijipakulia supu ya mwani na kimchi ya Mama, achari yetu ya Kikorea ya kabichi: "Ndiyo maana nakula kwako, kaka."

Siku ya kukuaga, mlangoni kilining'inia kibao kile kile cha tangu enzi za Baba, chenye jina letu la Kijapani: Takamoto. Vijana wako walikuja na maua meupe, wakapita, wakarudi, wakapita tena. Wao walikujua kwa jina la Ko tu. Binti mmoja akamwuliza Chong-il, "Samahani, kwa akina Ko ni wapi?"

"Hapa hakuna Ko, binti. Umepotea."

Ulimi ulijisemea wenyewe, kwa mazoea ya kujificha tangu utotoni.

Binti akachungulia ndani. "Sasa mbona picha yake ile pale?"

Chong-il alikaa kizingitini na suti yake nyeusi. Alikuwa amemkana ndugu yake, na jeneza liko nyuma yake.

Unakumbukwa na mama yako Pu Ok-sun, mkeo Myong-ja, binti yako Mi-ran, kaka yako Chong-il na vijana wote wa darasa la juu. Daima uko nasi, wewe na kelele zako.

Na kibao kile usikitafute. Mama alikifuata siku ile ile na koleo la karakana, akaanza kuking'oa. Chong-il akamshika mkono. "Mama, taratibu! Majirani watajua sisi ni Wakorea. Wateja watatukimbia."

"Miaka thelathini wananunua kimchi yangu," Mama akasema. "Walidhani inashuka mbinguni?"