Mama Asiyelala Mchana

Kwa heshima, taadhima na unyenyekevu usio na kifani, Baraza Kuu la Familia ya marehemu Saburi Mwadime, lililoketi Voi kwa kikao maalumu, linatoa tamko lifuatalo. Kusema kweli hakuna baraza lolote. Kuna mimi, meza ya jikoni na chai iliyopoa. Baba hushika kalamu kama mtu aliyeshikishwa nyoka, na kaka Mwakio amesema niandike mimi kwa sababu ndimi niliyesomeshwa bweni. Haya, Mama. Ni mimi, Mghoi, mwanao wa mwisho.

Leo mwaka umetimia tangu ile Jumanne ya Februari, saa nane za mchana kule Ibra, Omani, ulipoingia chumba cha kufulia kama kawaida yako, na hukutoka. Bi Ghaniya, uliyemfanyia kazi miaka saba, alikukuta umepiga magoti, kichwa umekilaza juu ya kikapu cha shuka. Alidhani usingizi umekupitia. Akarudi kinyumenyume asije akakuamsha. Mpaka leo akilitaja hilo hawezi kumaliza.

Ulikuwa mtu wa mikono, Mama. Kanzu za Hisham, mwana wa Bi Ghaniya, ulizipiga pasi mpaka zikasimama zenyewe. Jumatano ulikwenda na Bi Ghaniya kwenye soko la wanawake, na hukurudi na kitu chako hata siku moja. Ulirudi na mafuta ya nywele ya Rehana, dada wa kazi wa nyumba ya pili, kwa kuwa yeye haruhusiwi kutoka.

Nilikuja kukuona mara moja tu, Desemba ile Bi Ghaniya aliponikatia tikiti. Siku ya tatu nilitia chumvi kwenye kopo la sukari. Mzee Soud, shemeji yake Bi Ghaniya, akainywa chai ile kwa adabu mpaka tone la mwisho, kisha akaomba maji mara nne. Uliniita jikoni nikajua leo ni kofi. Nikakukuta umejiziba mdomo kwa kanga, machozi ya kicheko yanakutoka. "Nenda ukamwombe radhi, shetani wee," ukasema, "na usimwambie nimecheka."

Lakini familia inataka watu wakukumbuke hasa kwa maombi yako.

Mwakio aliondoka nyumbani baada ya kugombana na Baba, akaingia Mtwapa, na Mtwapa ikamwingia. Pombe, marafiki wa pombe, na simu isiyopokelewa. Nawe ulikuwa mbali, kanisa la karibu liko Maskati, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari. Basi chumba cha kufulia kikawa kanisa lako. Kila siku baada ya chakula, nyumba nzima ikilala kulikimbia jua, wewe ulifunga mlango, ukapiga magoti, ukamwombea Mwakio. Ukimaliza ulirekodi sala ya dakika moja ukamtumia. Saa nane ya Ibra, saa saba ya kwetu. Miaka mitatu hakujibu hata moja.

Nilimsikia Bi Ghaniya kwa masikio yangu, amesimama mlangoni pale na nywele zake za usingizi.

"Saburi we, hata paka kalala. Huchoki? Mwaka wa tatu huu, na mtoto hata salamu!"

"Bi Ghaniya, wewe waswali mara tano kwa siku. Nimewahi kukuuliza kama umechoka?"

"Lahaula! Mwanamke huyu ana ulimi." Akageuka kwenda zake, kisha akarudi. "Basi muombee na Hisham wangu, apate mke."

"Huyo mgumu kuliko Mwakio," ukamjibu, na mkacheka wote wawili.

Na ijulikane kwa wote wasomao kwamba maombi yale yalijibiwa! Aprili iliyofuata, Mwakio alikuandikia kwa namba mpya: "Mama, nimeacha pombe. Moyo wangu umejawa na toba. Kipaza sauti cha simu yangu kimeharibika, kwa hiyo usinipigie. Usilie tena." Agosti akaandika tena, na Desemba pia. Ukafariki ukiwa na faraja kwamba

Nilikuwa nimefika hapo, Mama, nikijisomea kwa sauti, wakati Mwakio, aliyekuwa nyuma yangu akimenya viazi, alipoacha kumenya.

"Mghoi. Mimi sikuandika hiyo."

"Umesahau. Ulikuwa mlevi."

"Mlevi nilikuwa, sikatai. Lakini 'umejawa na toba'? Maneno hayo siyajui hata leo."

Nikasema labda ni mchungaji aliyemsaidia kuandika. Hakucheka. Akafuta mikono, akatoa simu yake akaniwekea mezani. Sauti zako zote zimo humo, Mama. Alikuwa akizisikiliza kila siku, bila wewe kujua. Hazikukoma Aprili. Hazikukoma Agosti, wala Desemba. Hadi Jumatatu, siku moja kabla ya kufariki, ulikuwa ukisema, "Bwana, mrudishe mwanangu Mwakio nyumbani."

"Kama Mama aliamini nimesharudi," akaniuliza, "mbona aliendelea kuniita?"

Tukampigia Bi Ghaniya, maana jina lake limo kwenye tamko na ilibidi tumsomee. Nilipofika kwenye toba akapiga ukelele.

"Mwanangu, mama yako alijua! Alinionyesha simu akaniambia, 'Bi Ghaniya, hebu mtazame Mwakio huyu anayeokoka likizo za shule tu.'"

Likizo za shule. Aprili, Agosti na Desemba ndipo nilipokuwa nyumbani; bweni hatukuruhusiwa simu. Nikafungua ile laini ya simu niliyokuwa naificha ndani ya soksi, nikasoma upya majibu yako. Mwakio aliyeacha shule miaka sita nyuma ulikuwa ukimuuliza, "Na hesabu zinakwendaje?" Mwakio mwenye ndevu ulimwambia, "Vaa sweta, asubuhi za bweni zina baridi." Niliyasoma mara nyingi wakati ule, nikajisifu kwa ujanja wangu.

"Hakukasirika?" nikamuuliza Bi Ghaniya.

"Alikaa chini akalia kidogo. Kisha tangu siku ile akawa anachelewa kutoka mle chumbani. Nikamwuliza, mbona siku hizi unakawia? Akasema, sasa ninao wawili."

Basi naliondoa lile tamko, na nasema mbele ya Baba, mbele ya Mwakio na mbele ya kila asomaye: ni mimi. Nilinunua laini, nikajifanya kaka yangu aliyetubu, nikakudanganya likizo tatu. Sikufanya kwa mzaha, ingawa hilo ndilo ningependa waamini. Desemba ile nilikusikia kupitia mlango wa chumba cha kufulia. Hukuwa ukiomba kwa maneno, ulikuwa ukilia tu. Wote ndani ya nyumba walikuwa wamelala isipokuwa wewe, uliyeamka kabla yao wote. Nilitaka uamini ameshapatikana, ili nawe ulale mchana kama wenzako.

Mwaka mzima nimebeba hofu kwamba nilikuibia sala zako, kwamba Mwakio alibaki bila mtu wa kumwombea kwa sababu yangu. Kumbe hukumwacha hata siku moja. Jumanne ile saa saba ilifika simu yake ikanyamaza. Anasema hakunywa siku ile. Alipanda basi jioni, akaingia mlangoni kwa Baba siku tano kabla ya jeneza lako kufika. Hajanywa tangu hapo. Ulilipata ulilokuwa ukiliomba, Mama, na hukuliona.

Nimejaribu kuomba dakika moja. Nikifika sekunde ya ishirini sijui niseme nini, nakuita wewe tu. Nisamehe.

Hautapita mchana bila sisi kukutaja: mumeo Mwadime, mwanao Mwakio, aliyerudi, Bi Ghaniya na Hisham wa Ibra, Rehana, na mwanao wa pili uliyemwombea arudi, Mghoi.